Somo: Kulowanisha unga wa muhogo mchungu utoke sumu

Naandika mara moja tu. Swali hili nimelijibu mpaka vidole vimechoka.

Muhogo mchungu una linamarini, yaani sukari iliyofungamana na sianidi. Kwenye kuta za chembe zake kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Vikikutana penye maji, kimeng'enya hutumia maji hayo kukata kifungo: glukosi hubaki, na kipande cha pili huvunjika kuwa asetoni na gesi ya sianidi, ambayo hupaa.

1. Mimina unga kwenye beseni, sawazisha, weka alama ulipofikia.

2. Tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha.

Maji yawe YA BARIDI. Mimi nilikuwa na haraka, nikatia maji yaliyotoka jikoni sasa hivi. Unga ukawa gundi, nikausonga hivyo hivyo. Ugali ukatoka mchungu, na usiku watu wawili nyumbani wakalalamika kichwa na kizunguzungu. Moto uliua kimeng'enya, sumu ikabaki imefungwa palepale. Usirudie ujinga wangu.

3. Tandaza kwenye turubai, unene usizidi sentimita 1. Saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Usifunike.

4. Songa siku hiyo hiyo.

MASWALI

– Mkuu, nikiweka maji ya moto itawahi?
Soma hatua ya 2.

– Babu zetu walikula bila haya yote.
Babu zako waliloweka na kuvundika kwa siku kadhaa. Tarime mwaka 1985 ukame ulibana, watu wakafupisha maandalizi, konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu hii, ikawapooza miguu.

– Makopa yangu yalichemshwa kabla ya kuanikwa. Bado njia hii inafaa?
Swali zuri sana, ndugu yangu. Hapana: kimeng'enya kilishakufa kwenye sufuria, kulowanisha hakutakifufua. Linamarini huyeyuka majini, kwa hiyo kuloweka na kumwaga maji kunapunguza kiasi, ila usitegemee. Safari ijayo anika mabichi.

– Sumu inaisha yote?
Haiishi. Hubaki kama theluthi, pengine sehemu moja ya sita. Unga mkali mno ulowanishe mara mbili.

– Na kisamvu, dada?
Ni kimeng'enya kilekile. Kitwange laini kwanza, ndipo ukichemshe, sufuria wazi. Wanaochemsha majani mazima halafu wakatwanga wamekosea mpangilio kama mimi na maji yangu ya moto.