Jinsi ya Kuomba Kuwa Kiongozi wa Kujitolea wa Girl Guides, Unguja na Pemba

Anayeomba kuongoza Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na skauti, anaomba kukabidhiwa watoto wa watu. Ndiyo maana karatasi ni nyingi kuliko ambavyo mtu angetarajia kwa kazi isiyo na mshahara. Uwe umetimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu aliye chini ya umri huo kuwa ni mtoto, na mtoto habebeshwi dhamana ya mtoto mwenzake.

Anza na kikundi kilicho karibu nawe kabla hujaandika chochote. Vikundi vingi hukutana skuli, kwa hiyo muone mwalimu mkuu au mwalimu mlezi. Muulize mambo matatu: barua iandikwe kwa nani, kuna fomu maalumu au hakuna, na kuna ada ya uanachama au haipo. Omba kuhudhuria mkutano mmoja ukiwa mgeni. Usilipe pesa yoyote bila risiti.

Kisha kusanya nyaraka. Kwa kawaida utahitaji barua ya maombi, nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari, picha ndogo za pasipoti, barua ya sheha na majina ya wadhamini wawili. Ukiambiwa ulete pia hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu, usiione kama dharau. Afadhali kikundi kinachoidai kuliko kinachompokea yeyote aliyebisha hodi.

Maombi mengi hukwama kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, kitambulisho kinasema Fatma; huku babu ni Salum, kule ni Salim. Panga karatasi zote mezani uzisome herufi kwa herufi. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na kama cheti kinatofautiana shughulikia marekebisho mapema, maana kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja.

Barua ya sheha nayo ina mitego yake. Ukiwa umehamia Magharibi B lakini kitambulisho bado kinaonesha shehia iliyopo Wete, sheha wa unakoishi sasa ana haki ya kusema hakujui. Nenda na jirani anayefahamika naye, au mwenye nyumba. Mwombe sheha ataje madhumuni ndani ya barua: kujitolea kuongoza kikundi cha wasichana. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mkaazi inaweza kurudishwa. Hakikisha ina tarehe, saini na muhuri kabla hujaondoka.

Hati ya polisi inahitaji alama za vidole. Wanaofanya kazi ya mwani au kuponda mawe mara nyingi alama zao hutoka hafifu na hulazimika kurudia. Pumzisha mikono siku chache, paka mafuta usiku, na siku yenyewe nenda nayo ikiwa safi na mikavu.

Kwa wadhamini, chagua waliokuona ukiwa na watoto: mwalimu wa skuli, ustadhi wa chuoni (madrasa), muuguzi wa kituo cha afya. Jamaa zako wasiwemo. Waarifu kabla, wasije wakapigiwa simu wakashangaa.

Barua ya maombi iwe ya ukurasa mmoja. Taja siku unazoweza kweli. Skuli nyingi zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na watoto wengi huenda chuoni baada ya masomo, kwa hiyo anayejitolea siku za kazi jioni tu huenda asipate wasichana wa kuwaongoza. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili ndiyo yenye nafasi. Taja na ujuzi ulionao: kushona, huduma ya kwanza, kuogelea, kilimo cha mboga.

Ukikubaliwa, tarajia kwanza kuwa msaidizi. Usiharakishe kipindi hiki. Utajifunza Ahadi na Sheria za Girl Guides, salamu ya vidole vitatu, na kugawa wasichana katika vikosi vidogo vya watu 6 hadi 8, kila kimoja na kiongozi wake msichana. Mfumo huo ndio moyo wa kazi: mkubwa anayeamua kila kitu mwenyewe anawanyima wasichana mazoezi ya kuongoza. Tafuta pia mafunzo ya huduma ya kwanza, kwa mfano ya Msalaba Mwekundu. Siku ya Fikra, sikukuu ya Girl Guides duniani kote, tarehe 22 Februari, ni nafasi nzuri ya kuandaa shughuli yako ya kwanza chini ya uangalizi.

Sehemu hii ya kumlinda mtoto isome mara mbili. Usikae peke yako na msichana mmoja mahali pasipoonekana, na wala usimtumie ujumbe wa faragha kwenye simu. Kwa safari, ridhaa ya mdomo haitoshi: wazazi watie saini karatasi inayoeleza chombo, saa ya kurudi, mahali pa kulala, chakula, na watu wazima watakaofuatana na wasichana. Wazazi wengi hukataa kambi kwa sababu hawakuelezwa hayo, na hapo wana haki.

Msichana akikueleza kuwa amefanyiwa udhalilishaji, msikilize bila kumhoji na usimwahidi siri. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Hospitali ya Mnazi Mmoja na ya Chake Chake zina vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliofanyiwa udhalilishaji. Msichana asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Familia ikitaka yaishe ndani kwa ndani, usiingiwe na muhali.

Weka nakala ya kila karatasi uliyowasilisha. Ukihama au ukiacha, kabidhi kwa maandishi daftari la mahudhurio, fomu za ridhaa na pesa za kikundi, wewe na anayepokea nyote mtie saini.