Kabla ya Kuipiga Picha Bahari ya Khareef Kutoka Magenge ya Mughsail

Mtu aliyekulia Mombasa, Unguja au Lamu akifika Salalah, kusini mwa Oman, kati ya mwishoni mwa Juni na Septemba, atakuta bahari imechafuliwa na upepo anaoujua kwa jina jingine. Msimu ambao watu wa Dhofar, mkoa uliko mji huo wa Salalah, huuita khareef huletwa na pepo zilezile za kusi, ambazo zikishavuka ikweta hupinda kuelekea kaskazini mashariki na kuvuma kwa nguvu kuliko zinavyovuma kwetu. Manahodha wa majahazi walijitahidi kufika Arabuni kabla ya kusi kushika kasi, ilhali mpiga picha huifuata kusi ikiwa kali kwa makusudi.

Mughsail iko kilomita 40 na kitu magharibi ya Salalah. Majabali yake ni ya chokaa iliyotobolewa na bahari, hivyo wimbi likiingia chini ya mwamba, maji hufyatuka juu kupitia matundu kwa kishindo. Jambo la kwanza, na kwa maoni yangu lenye uzito kuliko vifaa vyote, ni kusimama mbali, kamera ikiwa bado mkobani, na kuitazama bahari kwa muda usiopungua nusu saa. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, na baina ya kundi na kundi maji yanaweza kutulia kiasi cha kumfanya mgeni aamini kwamba amepata mahali salama baada ya kuhesabu mawimbi matano tu. Mwamba uliolowa huonyesha maji yalipofika leo asubuhi, lakini hauelezi yatafika wapi maji yakijaa, hasa siku za bamvua, kwa hiyo jedwali la kujaa na kupwa lisomwe tangu jana yake. Uzio uliowekwa pale usivukwe hata kwa dakika moja. Julai 2022 wageni waliouvuka walisombwa na wimbi, na baadhi yao wakafa. Isitoshe, chokaa huliwa kutoka chini, na ukingo unaoonekana imara huenda unaning'inia. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 humletea mtu wimbi karibu bila yeye kulisogelea.

Ukungu nao unahitaji hesabu yake. Pepo hizo husukuma maji ya juu mbali na pwani, maji baridi ya kilindini yakapanda mahali pake, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu na manyunyu. Kamera iliyolala katika chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje, lenzi hufunikwa na mvuke. Dawa yake ni kuitia katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri kabla ya kutoka, na kuiacha humo mpaka ipate joto la nje. Vitambaa vikavu vichukuliwe vingi kuliko mtu anavyodhani vinatosha.

Weupe wa povu na ukungu huidanganya kamera ikatia picha giza, basi mwanga uongezwe kwa kiasi cha hatua moja (+1 katika kipimo cha mwanga cha kamera). Kamera ikipokea mwanga kwa 1/1000 ya sekunde tu, hugandisha matone, na kwa nusu sekunde huyafanya maji kuwa nyuzi, ila hapo stendi isimamishwe miguu ikiwa mifupi, kwa kuwa upepo haukomi. Fokasi ya kujiendesha ikitangatanga ukunguni, irekebishwe kwa mkono.

Barabarani ukungu huficha ngamia, kwa hiyo safari ya alfajiri ifanywe polepole. Usiende peke yako. Mwenzako aangalie bahari wakati wewe unaangalia kioo cha kamera, na namba ya dharura ya Oman, 9999, iwe simuni. Droni zinahitaji kibali.

Usiku uleule, kabla ya chakula, mchanga upulizwe kwanza ili usikwaruze, kisha kamera na miguu ya stendi ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, maana chumvi ikikauka katika viungo vya stendi, asubuhi havitafunguka.