Somo: Kutandaza lami ya moto bila kuunguza wala kukanyaga mtu

Wakuu, somo hili ni la maforomani na wasimamizi wa kampuni ndogo: kipande cha kilomita moja au mbili mjini, peva moja (mashine ya kutandaza lami), rola mbili, tipa za kukodi na vibarua wa siku. Kampuni kubwa zina afisa usalama na makabrasha yake. Ninyi mna daftari na filimbi, na kwa kazi ya ukubwa huo vinatosha mkivitumia.

Niseme msimamo wangu mapema. Saitini kila mtu anaogopa joto la lami, na kwa kuwa analiogopa, analikwepa. Magurudumu hayaogopwi, ndiyo maana yanaua. Marekani, ambako vifo vya kazini huandikwa kimoja kimoja, wajenzi wa barabara hufa zaidi kwa kugongwa na magari na mitambo kuliko kwa jambo lingine lolote, na si wachache kati yao hukanyagwa na chombo kinachorudi nyuma ndani ya saiti yao wenyewe. Kwa hiyo msishangae nikikaa sana kwenye hatua ya tano.

HATUA YA 1: Itembee barabara siku moja kabla

Tembea kwa miguu pamoja na dereva mmoja wa tipa. Mtazame juu kwanza. Bodi la tipa likinyanyuliwa lote linafika mita sita au zaidi, na nyaya za umeme zinazokatiza mitaa yetu, hasa zilizolegea, ziko kimo hicho hicho. Kila waya unapovuka, piga mstari wa rangi ardhini upande huu na upande ule. Ikifika kwenye mstari, tipa inashusha bodi na kujitoa, peva inavuka kwa mzigo uliomo ndani ya hopa yake, lile bakuli la mbele linalopokea lami. Kama hautoshi, nenda TANESCO, shirika la umeme, mapema uombe umeme ukatwe kwa saa hizo.

Bodi likigusa waya, dereva abaki ndani ya kabini, na wengine wote wakae mbali mita kumi au zaidi hadi TANESCO wathibitishe kwamba umeme umekatwa. Asishuke kwa ngazi, maana akishika chuma huku mguu uko chini, umeme unapita kwake. Gari likiwaka moto tu ndipo aruke, miguu imebanwa pamoja, kisha aondoke kwa kuburuta nyayo hatua ndogo ndogo bila kutanua miguu.

Halafu mtazame chini: chemba zisizo na mifuniko, makalavati mabovu, mitaro. Na kabla hamjaondoka mkubaliane malori yatageuzia wapi. Kila mita unayompunguzia dereva kurudi nyuma ni hatari umeifuta bila kutumia hata shilingi.

HATUA YA 2: Magari ya watu

Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akianza kuona koni zako zikiwa mita thelathini mbele yake, koni hizo zimemtaarifu ajali, hazijamzuia. Bango la kwanza liwe mbali, mita mia mbili au tatu kwenye barabara kuu. Mjini mwendo ni mdogo, unaweza kupunguza umbali, lakini bango lisijifiche nyuma ya kona, mti au kibanda cha miamala.

Washika bendera wawe wawili, wanaonana au wana redio za mkononi. Wasimame pembeni, kwenye bega la barabara, si katikati ya njia. Atakayesimama awe na pa kukimbilia nyuma yake: asiwe na mtaro wala ukuta mgongoni.

Bodaboda usidhani utawazuia kwa koni. Usipowapa njia watajitafutia, na wataipata katikati ya peva na rola. Acha ukanda wao pembeni, wazi, ulionyooka, na uweke mtu wa kuwaelekeza. Wanafunzi pia: saa za kuingia na kutoka shule simamisha malori dakika chache. Lami haipoi ndani ya dakika tano ikiwa imefunikwa turubai.

HATUA YA 3: Praimu na taki

Watu huiona praimu, lami nyepesi inayonyunyizwa chini kabla ya kutandaza, kama maji meusi. Praimu ya MC-30 ni lami iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa, na hunyunyizwa ikiwa imepashwa joto linalopita kiwango ambacho mvuke wake unaweza kushika moto. Maana yake ni kwamba wakati bauza, gari la tangi la kunyunyizia, linanyunyiza, kinachokosekana ili lilipuke ni cheche tu. Hakuna sigara, hakuna mama lishe mwenye jiko la mkaa upande unakoelekea upepo, hakuna kuchomelea. Vizima moto viwili juu ya bauza, na mwendeshaji ajue kuvifungua, asiwe anaviona tu kila siku. Taki, ile ya kushikisha tabaka jipya na la chini, ikiwa ya emalsheni (lami iliyochanganywa na maji) haishiki moto hivyo, ila macho inayaumiza. Miwani.

HATUA YA 4: Nguo

Lami ya moto hufika saitini ikiwa kati ya nyuzi 140 na 160 za Selsiasi. Kibarua anakuja na jezi ya Simba au Yanga. Jezi ile ni poliesta: tone la lami likiiangukia, kitambaa kinayeyuka na kunata kwenye ngozi pamoja nayo. Pamba tu, mikono mirefu, halafu riflekta juu yake. Suruali ishuke nje ya buti, isiingizwe ndani, kwa sababu suruali iliyochomekwa inaiongoza lami hadi kifundoni. Gambuti za mvua hapana kabisa. Buti za ngozi, soli nene.

Usipokuwa na vifaa vya watu kumi na tano, ajiri kumi.

HATUA YA 5: Tipa, peva na rola

Hapa ndipo saiti inapoua, na ukikaa pembeni nusu saa utaona kwa nini. Tipa inarudi kuelekea peva. Dereva ana vioo viwili na sehemu kubwa ya nyuma haioni. Utingo yuko juu anavuta turubai. Kijana wa sepeto anakatiza nyuma ya gari kufuata lami iliyomwagika, kwa sababu amezoea kuambiwa "chapchap". Watu watatu wanampigia dereva kelele kwa wakati mmoja: njoo, simama, kata kulia.

Dawa ni mtu mmoja. Mteue asubuhi, mvalishe rangi tofauti na wengine, mpe filimbi na bendera, na asiwe na kazi nyingine, hata ya kushika sepeto kidogo. Dereva anamsikiliza huyo peke yake, na akipotea kwenye kioo dereva anafunga breki papo hapo bila kuuliza. Mwelekezaji asimame upande wa dereva, mbele kidogo ya usawa wa peva, asiingie katikati ya tipa na hopa. Pengo lile halina mwenyewe: gari linaporudi pasiwe na mtu hata mmoja. King'ora cha kurudi nyuma kiwepo, lakini usikitegemee. Saiti ikiwa na malori manne yanayolia, masikio huzoea kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa nyuma ya peva. Mtu wa reki ameinama kwenye kiungo cha lami mpya na ya zamani. Anatembea kinyumenyume, macho chini, mgongo umeelekea rola. Mbele yake peva inanguruma, chini yake ardhi inatetemeka, hivyo rola inayokuja hana namna ya kuitofautisha kwa sikio. Mwenye rola naye anatazama ukingo wa ngoma yake asiache mstari. Wote wawili wanafanya kazi vizuri, na wote wawili hawaoni.

Weka umbali kati ya watu wa reki na rola ya kwanza, na uchore alama kwa chokaa au panga koni mbili zinazosogea pamoja na peva. Rola haivuki alama hadi watu wametoka. Anayetaka kuingia eneo la rola, awe saveya, awe mhandisi, awe tajiri mwenyewe, anasubiri hadi macho yake na ya mwendeshaji yakutane na ngoma isimame. Wahandisi ndio wabishi zaidi kwa hili, nalisema waziwazi: anaona kasoro, anaingia mbio na kipima joto mkononi.

Rola ya chuma ina uzito wa tani kumi hivi na hupinduka kwa urahisi pale bega la barabara linapomomoka. Usiiache ikanyage ukingo wenye mtaro kando kabla bega halijajazwa. Na rola haiegeshwi kwenye mteremko bila vizuizi, hata kwa dakika ya kunywa chai.

HATUA YA 6: Mtu akiungua

Pipa la lita 200 la maji safi na kopo lake liende na peva, lisibaki stoo. Likiwa mbali, hata maji ya tangi la rola yatafaa.

Lami ikimnata mtu: maji ya kawaida, si barafu, mfululizo kwa dakika 20 au zaidi. Lami huhifadhi joto, kwa hiyo juu inaweza kuganda huku chini inaendelea kupika nyama. Usiibandue, itatoka na ngozi. Usipake petroli wala mafuta ya taa. Dawa ya meno, asali na mayai pia hapana. Vua pete na saa kabla hajavimba. Kama lami imezunguka kidole au mkono mzima, waambie hospitali mara mnapofika, kwa sababu ikipoa inabana na kuzuia damu. Kuitoa ni kazi yao, nao huilainisha taratibu kwa mafuta.

Gari la kumpeleka liwe linajulikana tangu asubuhi, lina mafuta, na dereva wake hajatumwa mjini kuleta spea.

HATUA YA 7: Jioni

Tabaka la sentimeta tano likiachwa wima katikati ya barabara, usiku linamwangusha mwenye pikipiki. Lazia ukingo wake mteremko wa lami, weka viakisi mwanga, acha mlinzi. Mabango ya mchana yasiyohusika yaondoe; dereva akiyakuta bure leo, kesho hatayaamini.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Kahama: Mkuu, sisi tunapaka dizeli kwenye bodi la tipa na kwenye masepeto ili lami isigande. Umetukataza?

Nawakataza, fundi. Dizeli inaiyeyusha lami, kwa hiyo mahali ilipochuruzika patalegea na kufanya shimo, na mhandisi akikugundua utalirudia kwa hela yako. Kwa usalama, unamwaga mafuta kwenye chuma cha moto huku skridi ya peva, bamba la nyuma la kusawazisha lami, inapashwa kwa gesi jirani. Tumia maji ya sabuni au mafuta ya kupikia kidogo. Ndoo ya dizeli ndiyo ya kwanza kuondoa saitini.

Dada mshika bendera, Tanga: Shikamoo kaka. Madereva wananitukana na wengine wanapita kwa nguvu. Nifanye nini?

Marahaba dada. Usisimame mbele ya gari, hata kama una haki. Akipita kwa nguvu, jambo la kwanza ni redio kwa mwenzako na filimbi kwa waliomo ndani, namba ya gari baadaye. Anayepita kwa nguvu mara nyingi amechoka kusubiri: msizidishe dakika ambazo ninyi wenyewe mngevumilia, na gari la kwanza kwenye foleni liambiwe itachukua muda gani. Foleni ikiwa kubwa, msimamizi aombe trafiki awepo. Na kaka zangu wasimamizi, mwanamke anayesimama juani tangu saa moja asubuhi anahitaji maji, mwavuli, choo na mtu wa kumpokea kila baada ya saa mbili. Mtu aliyechoka bendera yake huinama, na dereva anaisoma kuwa pita.

Mwanachama wa Mombasa: Kwetu wafanyakazi wa lami hupewa maziwa waoshe moshi kifuani. Yasaidia kweli?

Maziwa ni chakula, wape. Lakini yanaingia tumboni, moshi uko mapafuni. Kitambaa puani nacho hakizuii mvuke. Kinachosaidia ni kusimama upande upepo unakotoka na lami isiyopikwa kupita kiasi. Tipa ikifunguliwa na kutoa moshi wa bluu, imeungua, ikataeni. Shirika la IARC, la utafiti wa saratani chini ya WHO, limeuweka moshi wa lami ya barabarani katika kundi la vinavyoweza kusababisha saratani, kwa hiyo usiuchukulie kama vumbi la kawaida. Na yeyote asichungulie tundu la tangi la lami ya moto: humo kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ikiwa nyingi pua huacha kuinusa.

Kijana wa viraka, Iringa: Tunapasha mapipa ya lami kwa kuni. Juzi moja lilifura likamwagika lote juu ya moto. Tatizo ni nini?

Maji, mdogo wangu. Pipa lilikaa wazi, mvua ikaingia. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,500, na yakiwa chini ya lami yanainyanyua yote. Mapipa yalazwe au yafunikwe, yasijazwe hadi juu, moto uanze polepole hadi povu liishe. Likishika moto usimwagie maji hata tone: funika kwa bati, tupa mchanga, ondoa kuni.

Mwanachama wa Mbeya: Kibarua wa siku hana mkataba. Akiumia analipwa na nani?

Kutokuwa na karatasi hakumwondolei mwajiri jukumu. Tanzania Bara kuna mfuko wa WCF, ulioundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri ndiye anayeuchangia. Wenzetu Kenya wana WIBA, sheria yao ya fidia ya kazini ya 2007. Kinachowaponza vibarua ni ushahidi kwamba siku hiyo walikuwepo. Kila asubuhi andika jina, kazi aliyopewa na sahihi yake kabla hajashika sepeto. Akiumia, andika saa, mahali na mashahidi wawili siku hiyo hiyo, piga picha, mwajiri atoe taarifa WCF mapema. Fomu ya hospitali itaje wazi kwamba ameumia kazini.

Mwendesha rola, Dodoma: Mkanda nifunge au nisifunge? Wengine wanasema bora kuruka.

Tazama juu ya kichwa chako, mkuu. Rola ikiwa na fremu ya kukinga inapopinduka, funga mkanda muda wote: anayeruka ndiye fremu humwangukia. Ikiwa haina fremu, mkanda utakubana chini yake, na rola hiyo usiipeleke kabisa kwenye ukingo wala mteremko. Mwambie foromani aliye na fremu ndiye afanye kingo, wewe baki katikati.