SOMO: Je, wimbi linasogeza mchanga wa chini? Hesabu hatua kwa hatua, mfano wa Ziwa Victoria

Wakuu, swali hili linarudi kila mara. Naandika leo, kesho nawarushia linki tu.

1. Chota mchanga, kausha, chekecha. Unatafuta D50, kipenyo cha kati cha chembe: nusu ya uzito iwe chembe ndogo kuliko hapo. Tuseme milimita 0.25.

2. Pima kina (h), kimo cha wimbi (H) na sekunde kati ya mgongo na mgongo (T). Tuseme upepo wa mchana Igombe, Mwanza: h mita 2, H mita 0.6, T sekunde 3.

3. Urefu wa wimbi, mgongo hadi mgongo: L = 1.56 × T² × tanh(2πh ÷ L). (tanh, na sinh na exp za mbele, zimo kwenye Excel.) L iko pande zote mbili, kwa hiyo anza na 1.56 × T² (14), rudisha jibu ndani mpaka litulie: mita 11.3. Ukiishia kwenye 14, kasi ya hatua ya 4 inazidi kwa theluthi.

4. Kasi ya maji chini: U = πH ÷ (T × sinh(2πh ÷ L)). Hapa 0.46 m/s.

5. Nusu ya safari ya maji ya kwenda mbele: A = U × T ÷ 2π. Kisha msuguano, fomula ya Swart ya 1974: f = exp(5.213 × (2.5 × D50 ÷ A)^0.194 − 5.977). D50 kwa MITA.

6. Mkwaruzo wa maji juu ya mchanga = 0.5 × 1000 × f × U² (1000 ni kilo za mita moja ya ujazo ya maji baridi, 2650 ya mchanga). Gawanya kwa (2650 − 1000) × 9.81 × D50. Hiyo ndiyo namba ya Shields: nguvu ya maji dhidi ya uzito wa chembe. Ikipita 0.05 hivi, chembe zinang'oka. Hapa ni 0.36, mchanga unachemka. Wimbi hilohilo kwenye mita 6 linatoa 0.02, umelala.

7. Hapa ndipo ripoti nyingi zinaharibika. Shields inakwambia mchanga umeng'oka, haikwambii umekwenda wapi. Wimbi la fomula hizi lina ulinganifu: sekunde 1.5 mbele, 1.5 nyuma, jumla sifuri. Mchanga unasafiri pale kitu kinapovunja ulinganifu huo. Karibu na ufuko mgongo wa wimbi huwa mfupi na wenye kasi, bonde refu na la polepole. Na kwa kuwa uchukuzi hupanda takriban kwa kasi kipeo cha tatu, msukumo mfupi mkali unashinda mvuto mrefu dhaifu, mchanga unaelekea nchi kavu. Dhoruba ikija, maji yanayorudi chinichini yanaupeleka ziwani. Na wimbi likivunja kwa mshazari linazaa mkondo sambamba na ufuko: wimbi linatibua, mkondo unabeba. Kwa hiyo USIANDIKE "mchanga unaelekea kaskazini" kwa kutazama hatua ya 6 pekee. USIZIDISHE Shields kwa siku 365. Nimeona.

MASWALI

Mdau_Kirumba: Mkuu tupia Excel yako.
Mwandishi: Fomula sita. Andika.

Injinia_Mtarajiwa: Mimi napata mchanga unatembea hadi mita 40. Fomula zako zina shida.
Mwandishi: T yako?
Injinia_Mtarajiwa: 10, na H mita 2. Nimetoa kwenye mfano wa mtandaoni.
Mwandishi: Hilo ni wimbi la bahari kuu, linagusa chini hata kwenye mita 70. La sekunde 3 linaishia kama mita 7. Fomula hazina shida.

Binti_Ukerewe: Samahani kaka, maji baridi na chumvi yanabadilisha jibu? Halafu, chini naona makunyanzi ya mchanga. Yanaingia wapi?
Mwandishi: Maswali mazuri, dada. Kwa maji ya chumvi weka 1025 badala ya 1000: tofauti haifiki asilimia 5, hangaika na T kwanza. Makunyanzi ni dhahabu. Kwa mawimbi madogo, umbali kati ya kilele na kilele ni kama 0.65 ya safari ya maji kwenda mbele. Ukipima sentimita 13, maji yalisafiri 20. Kwa T ya 3, U ni 0.21 m/s. Umepima wimbi bila chombo! Ila usiingize kimo chake kwenye hatua ya 5, pale tunataka ukwaruzo wa chembe tu.

Mzee_wa_Kokoro: Wajukuu, kina msikitoe kwenye ramani ya zamani. 2020 ziwa lilipanda likameza mialo.
Mwandishi: Kweli mzee, shikamoo. Kamba na jiwe, siku ileile ya kupima wimbi.

Injinia_Mtarajiwa: Nimeweka T 3 na H 0.6, inagoma kwenye kama mita 5. Sasa mchanga unaelekea wapi?
Mwandishi: Hatua ya 7.