Jinsi ya kuomba ripoti ya ajali mbaya ya barabarani mkoani Dodoma

Ajali kubwa haichunguzwi na mtu mmoja. Basi likigongana na lori kwenye barabara ya Dodoma–Morogoro, trafiki hupima barabara na kuchora ramani, wapelelezi huchukua maelezo ya mashahidi, mkaguzi wa magari huangalia breki na usukani, na Zimamoto hukata vyuma kuwatoa walionaswa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nao wana kumbukumbu za mwendo wa basi kupitia VTS, mfumo wao wa kufuatilia mabasi yakiwa safarini. Uchunguzi wote huo unatakiwa ukutane kwenye jalada moja la polisi, na ripoti unayoihitaji kwa ajili ya bima au fidia inatoka humo.

1. Tafuta jalada liko wapi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Jalada hufunguliwa na polisi wa eneo ilikotokea ajali, si wa unakoishi wala wa alikolazwa majeruhi. Ajali ikitokea Kibaigwa, hata kama mgonjwa wako yuko Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, anzia kwa polisi wa Wilaya ya Kongwa. Ikitokea mbele kidogo, Gairo, huo tayari ni Mkoa wa Morogoro. Waulize wenyeji jina la kijiji.

Shemeji yangu alipoumia njia ya Singida, tulikuwa na jina la basi na saa tu. Siku mbili tulizunguka vituo viwili, dada yangu amekumbatia bahasha ya picha za eksirei, hadi askari mmoja alipotuandikia namba ya jalada nyuma ya kadi ya kliniki. Tangu hapo hatukuelezea tena habari nzima mlangoni, tulitaja namba. Kwa hiyo neno lako la kwanza liwe: "Shikamoo afande, naomba namba ya jalada na jina la mpelelezi."

2. Chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ya majeruhi

Mwahishe mgonjwa hospitali kwanza, ndugu mwingine aifuate fomu polisi. Daktari akishaijaza inarudi polisi, hivyo itoe nakala kabla hujairudisha. PF3 haiuzwi.

3. Andika barua ya maombi

Iandikie ofisi ya mkuu wa usalama barabarani wa wilaya husika. Taja uhusiano wako na ajali, tarehe, mahali, namba za magari, namba ya jalada na sababu ya kuomba. Kisha taja kila karatasi kwa jina lake: ripoti ya polisi, ramani ya eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari. Ukiandika "naomba ripoti" tu, unaweza kupewa karatasi moja, na bima wakakurudisha kufuata nyingine.

Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA na, kama gari ni lako, kadi ya gari na bima. Kwa marehemu, weka cheti cha kifo na barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.

4. Omba taasisi nyingine zihusishwe

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kama unaamini basi lilikuwa mwendo kasi, mwombe mpelelezi kwa maandishi apate kumbukumbu za VTS kutoka LATRA. Kama tatizo ni shimo au alama iliyong'oka, omba TANROADS waulizwe kwa barabara kuu, au TARURA kwa barabara za mitaa na vijijini. Fanya hivyo mapema, kabla shimo halijazibwa. Na gari lisiguswe na fundi kabla mkaguzi hajaliona.

5. Wakati ripoti inasubiriwa

Iarifu kampuni ya bima mara moja, usingoje ripoti ikamilike. Ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Dereva akishtakiwa, omba mahakamani nakala ya hati ya mashtaka na baadaye ya hukumu. Kesi ya madai ya fidia dhidi ya aliyesababisha madhara ina ukomo wa miaka 3, na miezi hupita upesi mgonjwa akiwa kitandani, hivyo muone mwanasheria ungali na muda.

Ukitajiwa malipo yoyote, omba kontroo namba ya serikali, ulipe kwa simu au benki, na risiti uibane kwenye nakala ya barua yako.