Krimu ya kuwashwa mkunduni: siku 7 zinatosha
Ndugu zangu wa Kampala na Arua, ukiuziwa krimu ya haidrokotisoni na lidokeini duka la dawa, jua kila moja inafanya nini. Lidokeini hutia ganzi tu. Haidrokotisoni ndiyo hupunguza uvimbe. Paka kidogo, asubuhi na jioni, baada ya kunawa kwa maji matupu na kujikausha taratibu. Sabuni huzidisha muwasho. Usipitishe siku 7 bila ushauri wa daktari, maana ngozi ya pale ni laini na steroidi, yaani dawa za aina ya haidrokotisoni, huifanya nyembamba. Klobetasoli, ile steroidi kali ya kujichubua, usiiguse kabisa huko! Mtoto anayejikuna usiku huenda ana minyoo. Anahitaji dawa ya minyoo. Ukiona damu, nenda kituo cha afya.