Somo: Kupasha trela ya kambi joto kwa maji ya moto, na njia ambayo hewa inaihitaji

Wenzangu, wengi wetu wa Nairobi hununua au kutengenezesha trela za kupigia kambi tukiwaza jua la Magadi na Amboseli, kisha Julai hutukuta Kinangop, Timau au kwenye nyanda za juu za Aberdare, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri nyasi huweza kuwa nyeupe kwa barafu. Somo hili linawahusu wanaotaka kuweka mfumo wa kupasha joto kwa maji, yaani boila ndogo inayopasha maji, pampu, mabomba na rejeta nyembamba zinazofuata kuta kwa chini na kutoa joto la maji hayo. Nitakwenda hatua kwa hatua, ila nitakaa zaidi kwenye suala la hewa, kwa sababu nimeona trela nyingi zenye boila nzuri na watu wanaotetemeka ndani yake, na chanzo karibu kila mara ni kilekile: maji yamelifikisha joto ukutani, lakini hewa imenyimwa njia ya kulifikisha kwa mtu.

Kabla ya yote, usiingize jiko la makaa ndani ya trela, hata kwa dakika chache, hata likiwa limekwisha kuwa majivu mekundu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke si ngeni kwetu. Trela ni ndogo kuliko chumba chochote cha nyumbani, kwa hiyo sumu hiyo huijaza mapema zaidi.

Hatua ya kwanza: pima joto unalohitaji

Chukua trela ambayo ndani ina urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.9. Ukijumlisha sakafu, paa na kuta unapata takriban mita za mraba 39. Ikiwa kuta zina stairofomu ya milimita 25, na ukihesabu pia madirisha na mbavu za fremu zinazopitisha joto kwa urahisi, kila mita ya mraba hupoteza kadiri ya wati 1.5 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukitaka digrii 18 ndani wakati nje ni digrii 3, tofauti ni digrii 15, na trela inapoteza kama wati 880. Ongeza kidogo kwa ajili ya hewa inayoingia na kutoka kupitia matundu, nawe utakaribia wati 950. Boila ya kilowati 2 inatosha, na inabakiza nguvu ya kuipasha trela iliyopoa mchana kutwa. Anayekuuzia boila ya kilowati 6 kwa trela ya namna hii anakuuzia gesi utakayoichoma bure.

Hatua ya pili: chagua boila na uipe nafasi salama

Boila iwe ya chumba cha moto kilichofungwa, yaani inavuta hewa ya kuchomea kutoka nje kwa bomba lake na kutoa moshi nje kwa bomba jingine, bila kugusana na hewa mnayoivuta ninyi. Muulize muuzaji kuhusu mwinuko, na usikubali jibu la kubahatisha. Nairobi iko kati ya mita 1,700 na 1,800 juu ya bahari, na hapa mkandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Ukifika mita 3,000 unabaki karibu asilimia 70. Boila iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani hukosa oksijeni ya kutosha huko juu, na ile ya dizeli hasa huanza kujaza masizi hadi inakataa kuwaka. Nyingi za kisasa zina namna ya kurekebishwa kwa ajili ya mwinuko, lakini marekebisho hayo ni lazima yafanywe.

Mtungi wa gesi uwekwe kwenye kisanduku chake kisichopitisha hewa ndani ya trela, chenye tundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka.

Hatua ya tatu: tengeneza mzunguko wa maji

Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa kwa badiliko lilelile la digrii, na ndiyo maana bomba jembamba linatosha mahali ambapo mfumo wa kupuliza hewa ungehitaji mifereji mipana na feni yenye kelele. Kwa kilowati moja, maji yakipoteza digrii 10 tangu yanapotoka kwenye boila hadi yanaporudi, unahitaji mtiririko usiofika lita 2 kwa dakika. Pampu ndogo ya volti 12 inaweza hilo. Ikitumia ampea 1 kwa saa 10 za usiku, itakuwa imekula ampea-saa 10 za betri yako, nalo ni jambo la kupangia mapema kama unategemea sola.

Bomba la maji ya moto lianzie kwenye boila, lipite kwenye rejeta zote za ukuta mmoja, lizunguke nyuma ya kitanda na kurudi kwa ukuta wa pili. Tangi dogo la akiba likae juu kuliko sehemu nyingine zote za mfumo, kwa maana maji yakipata moto hutanuka na lazima yapate pa kwenda. Mabomba yapande polepole kuelekea kwenye tangi hilo au kwenye vali za kutolea hewa, wala yasipande na kushuka ovyo, kwani kila mgongo ni mahali pa hewa kujificha.

Weka thamostati ya boila, yaani kidhibiti chake cha joto, chini ya digrii 80. Nairobi maji huchemka karibu digrii 94, na kwenye mita 3,000 huchemka karibu digrii 90, hivyo ile nafasi ya usalama ambayo mtu wa pwani anayo sisi hatuna.

Hatua ya nne: toa hewa ndani ya mabomba

Kazi hii inataka subira. Jaza mfumo polepole kwa maji yaliyochanganywa na glaikoli, kimiminika kinachozuia maji yasigande, kupitia kwenye tangi la akiba huku pampu ikiwa imezimwa, kisha inua upande wa mbele wa trela kwa jeki ili hewa ikimbilie kwenye vali ya upande huo. Chomeka kipande cha hosi kinachopitisha mwanga kwenye vali, na ncha yake ya pili uitumbukize kwenye chupa yenye maji kidogo. Fungua vali robo mzunguko. Mwanzoni utasikia bomba likikoroma na kuona mapovu makubwa yakitoka kwa mafungu. Baadaye yatakuwa madogo kama mbegu, yatakuja moja moja, halafu hosi itajaa maji matupu yasiyo na nafasi ndani yake. Funga. Shusha mbele, inua nyuma, rudia. Washa pampu kwa mwendo wa chini, sikiliza tena, ongeza maji kwenye tangi. Siku inayofuata, baada ya mfumo kupata moto na kupoa, rudia kazi yote, kwa kuwa maji yakipashwa huachia hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake.

Hatua ya tano: ifungulie hewa njia

Hapa ndipo mafundi wetu wazuri wa useremala, bila kukusudia, huharibu kazi ya fundi wa mabomba. Rejeta ya aina hii, bomba lenye mapezi (vibati vyembamba) ya alumini, haipulizi kitu. Hewa baridi iliyolala sakafuni inapaswa kuingia chini ya kiti au kitanda, ipite katikati ya mapezi, ipate moto, ipande nyuma ya mgongo wa kiti huku imeegemea ukuta, itokee chini ya dirisha, ipande mbele ya kioo hadi darini, ivuke katikati, ipoe na kushuka tena sakafuni. Ukiziba sehemu moja tu ya mzunguko huo, umeusimamisha wote, na joto litabaki limefungwa ndani ya sanduku la kiti likipasha viatu vyenu.

Kwa hiyo plaiwudi ya mbele ya kiti iwe na uwazi wa sentimita 4 au 5 kwa chini, kwa urefu wote wa rejeta. Mgongo wa kiti usiguse ukuta. Acha sentimita 2.5 au zaidi kwa kupigilia vipande vya mbao nyuma yake. Kabati za juu nazo ziwe na nafasi nyuma, vinginevyo ukuta ulio nyuma yake utabaki baridi na nguo zitaota ukungu. Kitanda kiwe cha chaga, kisiwe cha plaiwudi nzima, na godoro lisukumwe mbali na ukuta kwa upana wa vidole viwili. Halafu kuna suala la mizigo. Nafasi iliyo chini ya kiti inavutia sana kusukumiwa blanketi na mifuko, na hakuna mkaguzi atakayekuja kuwakataza. Funga wavu mbele ya rejeta ili mizigo isiifikie.

Ukitaka kuona kama hewa inakwenda, zima feni zote, funga mlango, subiri rejeta zipate moto vizuri, kisha washa kijiti kimoja cha udi. Kishike mbele ya uwazi wa chini ya kiti: moshi unapaswa kulala na kuvutwa ndani. Kihamishie juu ya mgongo wa kiti, karibu na dirisha: moshi unapaswa kunyooka na kupanda kwa haraka kuliko kawaida. Mahali ambapo moshi unazubaa na kusambaa hovyo, hapo pana kizuizi. Tembea na kijiti hicho kwenye kila kona. Robo saa hiyo itakufundisha zaidi ya maelezo yangu yote.

Hatua ya sita: acha hewa mbichi iingie

Watu wawili waliolala hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku mmoja kwa pumzi na jasho. Kupikia gesi ndani huongeza, kwani kilo moja ya gesi ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za mvuke. Mvuke huo usipotoka, madirisha hutoa jasho na stairofomu hulowa. Tundu la paa lifunguliwe kidogo usiku kucha na matundu ya chini yasizibwe kwa vitambaa hata baridi ikiuma. Katika hesabu ya hatua ya kwanza, hewa mbichi iligharimu wati zisizofika 100. Ni bei ndogo mno kwa usingizi salama.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ruiru: Mwalimu, naweza kutumia rejeta kuukuu ya gari kutoka Kirinyaga Road badala ya hizi nyembamba?

Jibu: Rejeta kubwa ya injini haifai, ndugu yangu, kwa kuwa imetengenezwa kupozwa na upepo mwingi. Ile ndogo ya ndani ya gari, inayopasha abiria, inaweza kufanya kazi pamoja na feni yake, ila itapasha katikati ya trela na kuacha kuta zikiwa baridi, na feni itakula betri. Kwa fedha hizo, fundi wa Kariobangi Light Industries anaweza kukutengenezea bomba la shaba lenye mapezi ya alumini kwa urefu unaoutaka. Mpe vipimo vilivyoandikwa, usimwachie akisie.

Mwanachama wa Ngong: Rejeta za karibu na boila zinaunguza mkono, lakini za upande wa pili ni vuguvugu. Nibadilishe boila?

Jibu: Usinunue chochote bado. Pima bomba linalotoka na linalorudi. Tofauti ikizidi digrii 20, maji hayaendi kwa kasi inayotakiwa, kwa hiyo tafuta hewa iliyobaki, hosi iliyojikunja au pampu iliyochoka, kwa mpangilio huo. Tofauti ikiwa ndogo na bado mnahisi baridi, maji hayana kosa. Rudi kwenye hatua ya tano na kijiti cha udi.

Mwanachama wa Limuru: Watoto wangu hulala kitanda cha juu na wanatokwa jasho, huku sisi wa chini miguu inaganda. Nifanyeje?

Jibu: Mama, hewa yenu inapanda na kutuama darini. Angalia kwanza kama uwazi wa chini ya kitanda chenu uko wazi, kwa maana ukizibwa hewa baridi ya sakafuni haipati pa kuingilia. Kisha punguza joto la maji hadi digrii 60 hivi na uiache boila ifanye kazi mfululizo, badala ya kuiwasha kwa nguvu na kuizima. Ikibidi, feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 iliyofungwa darini ikipuliza chini polepole itachanganya hewa bila kelele.

Mwanachama wa Kasarani: King'ora cha gesi nikifunge wapi?

Jibu: Ni ving'ora viwili, si kimoja. Cha gesi ya kupikia kikae karibu na sakafu. Cha kaboni monoksidi, ambayo uzito wake unakaribia ule wa hewa, kikae karibu na kimo cha kichwa cha aliyelala, mbali na dirisha na tundu la hewa. Vijaribu kila mnapofunga safari.

Mwanachama wa Kitengela: Mimi sivuki Naivasha, kwa hiyo barafu hainihusu. Kwa nini nisiweke maji ya kisima tu?

Jibu: Kwa sababu glaikoli unayonunua kwa ajili ya mfumo huu ina pia dawa za kuzuia kutu, na shaba ikikutana na alumini ndani ya maji yenye chumvi, alumini huliwa. Tumia maji yaliyosafishwa kama yale ya betri, asilimia 60, na glaikoli asilimia 40. Tafuta ya propilini. Ile ya ethilini ni sumu yenye ladha tamu, hatari kwa watoto na mbwa ikivuja. Ibadilishe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ikiwa umekwisha kujaza maji ya kisima, yamwage yote, suuza mabomba kwa maji yaliyosafishwa hadi yatoke meupe, jaza mchanganyiko mpya, kisha uanze tena hatua ya nne, kwa kuwa kila mfumo unapofunguliwa hewa huwa imerudi ndani.